Mtoto Huyu Ameshasajiliwa

Jumatatu ile Mama Pacha alitoka nyumbani na watoto wawili, akarudi na watoto wawili na karatasi moja. Karatasi ilikuwa ya Kulwa. Ilikuwa na mhuri wa shule na maneno kwamba mtoto amepokelewa darasa la kwanza. Doto yeye alibeba mfuko wa vyeti, akaukumbatia njia nzima mpaka mlangoni kama mtu aliyeambiwa asiuachie.

Baba yao alikuwa mezani, anakunywa chai. Aliuliza imekuwaje. Mkewe alivua viatu, akavipanga ukutani, akaenda kukaa kwenye kiti cha cherehani, kiti ambacho hukikalia akiwa na kazi au akiwa na hasira.

"Doto hajafika umri," akasema.

"Hajafika umri gani? Na Kulwa je?"

"Kulwa amefika."

Baba Pacha alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona mwenzake hacheki, akaweka kikombe chini.

Habari yenyewe ilitoka vipande vipande. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, shule hazikuwa zikitazama kadi ya kliniki aliyoshika mzazi. Karani wa dirishani alibofya namba ya mama, na kumbukumbu za kliniki zikaja zenyewe kwenye kompyuta yake. Zilisema Kulwa alizaliwa tarehe thelathini mwezi wa sita, siku ile ya mwisho kabisa inayokubaliwa kwa mtoto kuwa ametimiza miaka sita. Zilisema Doto alizaliwa tarehe mosi mwezi wa saba. Kwa hiyo Doto alikuwa amechelewa siku moja, na kwa siku hiyo moja angesubiri mwaka mzima. Mama Pacha alitoa kadi zote mbili, zimeandikwa kwa mkono wa mkunga, zote thelathini. Karani akazirudisha kwa vidole viwili, akasema karatasi kila mtu anaweza kuandika. Halafu akamuuliza, foleni yote ikisikiliza, kama uchungu wake ulichukua siku mbili.

"Nikamwambia wamepishana dakika kumi na mbili," alisema Mama Pacha. "Akasema mashine haioni dakika."

Kulikuwa na jambo jingine lililosemwa kwenye foleni ile, na mtu mwingine, nyuma ya mgongo wake. Hilo alilimeza.

Nyuma ya mlango zilining'inia sare mbili. Alikuwa amezishona mwenyewe, maana kushona ndiyo kazi yake, na aliziachia upindo mrefu chini ili watoto wakirefuka azishushe. Kulwa alikuwa ameshateremsha ya kwake na kuijaribu juu ya nguo alizovaa. Doto alisimama anamwangalia. Kisha akamgeukia baba yake, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza saa ngapi.

"Baba, mimi nilichelewa?"

Dirisha la uandikishaji lilikuwa linafungwa Ijumaa, saa tisa alasiri.

Mtaani walimwita Baba Pacha, na walimwita pia kila redio ilipokufa, maana kwao chochote chenye waya kilikuwa chake. Kazi yake halisi ilikuwa katika ofisi ya kumbukumbu ya mji, anaandika programu. Alikuwa mtu wa kujiamini katika kazi hiyo, na kwa sababu hiyo hakusumbuka kutafuta mkosaji. Alimjua. Alisema watu wa kliniki hawaandiki, wanabofya tu ili waende kunywa chai, na kwamba kesho angewafundisha adabu.

Jumanne asubuhi alifika kliniki. Benchi lilikuwa limejaa akina mama wenye watoto migongoni na mapajani, akawapita wote kama hawaoni, akasukuma mlango. Ndani alikuwa mkunga mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, anaandika. Baba Pacha hakusalimia. Alizungumza akiwa amesimama, na sauti yake ilisikika mpaka nje. Alitaja uzembe, akataja mwaka mzima wa mtoto, akataja watu wanaolala kazini. Akamaliza kwa kuuliza ni shule gani iliyomfundisha mtu kwamba pacha wanazaliwa siku mbili.

"Umemaliza, baba?" aliuliza mkunga.

Alikuwa amemaliza.

"Basi sogea hapa uone."

Alfajiri ile, alisema, walikuwa wamepokea pacha, wavulana, wako kitanda cha nne na mama yao. Wa kwanza ameshamwandika. Sasa anamwandika wa pili. Aliingiza namba ya mama, akaingiza tarehe ya leo, jinsia, uzito, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akabofya. Juu ya fomu yakatokea maandishi mekundu:

*Mtoto huyu ameshasajiliwa. Tafadhali hakiki tarehe ya kuzaliwa.*

Baba Pacha aliyasoma, na kabla hajafika mwisho alikuwa ameshajua ni maneno ya nani. Mtu hasahau sentensi aliyoiandika mwenyewe. Hata ile "tafadhali" aliikumbuka. Aliiongeza baadaye, kwa sababu Mkuu wake alisema bila hiyo mashine inaonekana kama inagombana na watu.

"Sasa nikihakiki, tarehe ni ile ile," mkunga aliendelea. "Nikiweka kesho inakataa pia, inasema siku haijafika. Kwa hiyo hapa tumejiwekea utaratibu. Wa pili anaandikwa kesho. Leo yule mtoto yupo pale ananyonya, lakini kwa mashine bado hajazaliwa."

Alisema wamepeleka barua mara tatu. Mara mbili hawakujibiwa. Mara ya tatu walijibiwa kwamba mfumo unafanya kazi ipasavyo na wahudumu wafundishwe upya namna ya kuingiza tarehe. Wakafundishwa. Siku mbili walikaa kwenye viti vya plastiki wanaonyeshwa kalenda na kijana aliyekuwa hajawahi kuona mtu akijifungua.

 Barua ile Baba Pacha aliikumbuka pia. Mkuu alimuuliza kwa mbali, bila hata kuinuka kitini, hawa wa kliniki wanalalamikia tarehe, tuwajibu nini. Na yeye, bila kugeuza kichwa, akasema wafundishwe.

"Wewe unafanya kazi wapi?" mkunga alimuuliza.

"Ofisini tu."

"Ofisi gani?"

"Ya kumbukumbu."

Mkunga alivua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani. 

"Basi ukifika wasalimie," akasema, na akarudi kwenye maandishi yake.

Alipotoka, akina mama wa kwenye benchi walikunja miguu ili apite.  Alitamani angalau mmoja amtukane.

Ofisini alifungua faili lake la zamani, la programu ile. Liliandikwa kwa PHP, lugha mojawapo ya kompyuta, miaka tisa iliyopita, wakati huo akiwa kijana asiye na mke, na juu kabisa aliweka jina lake na tarehe kama msanii anavyotia sahihi. Jedwali la watoto lilikuwa na safu kumi na moja. Kila safu aliieleza: hii ni namba, hii ni maneno yasiyozidi herufi mia, hii ni tarehe, hii haiwezi kuachwa tupu. Chini yake zikafuata kanuni za uhakiki. Uzito lazima uwe namba. Jinsia lazima ichaguliwe. Tarehe isivuke leo. Na mstari wa mwisho ulikuwa ule: namba ya mama na tarehe ya kuzaliwa, vikiwa pamoja, visijirudie kamwe. Aliuweka mara mbili, kwenye fomu na ndani ya jedwali lenyewe, ili hata mtu akiipita fomu kwa hila agonge ukuta. Juu ya mstari huo aliandika maelezo kwa wale watakaokuja kuusoma baadaye: *Mama mmoja, siku moja, mtoto mmoja.*

Mstari ule ndio uliompa kazi. Siku hizo wahudumu walikuwa wakibofya mara mbili mtandao ukisuasua, na mtoto mmoja anaandikwa mara mbili, mara tatu. Takwimu zilivimba hadi zikawa kichekesho. Akaja yeye, kijana wa mkataba wa miezi mitatu, akaongeza mstari mmoja na marudio yakakoma siku hiyo hiyo. Mkuu alimshika bega mbele ya wote. Mwezi uliofuata aliajiriwa.

Sasa aliiuliza mashine swali ambalo hakuwahi kuliuliza. Katika miaka tisa, ni akina mama wangapi wamezaa watoto wawili siku moja? Jibu lilikuja upesi: sifuri.

Ni wangapi wamezaa wawili siku zinazofuatana? Mia tatu themanini na saba. Na mmoja, kwa mujibu wa jedwali, alijifungua Jumanne, akajifungua Jumatano, akajifungua na Alhamisi.

Kila mwaka ofisi ile ilitoa taarifa ya vizazi, yenye michoro ya rangi. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mji mzima una miaka tisa haujazaa pacha. Na yeye alikuwa amekaa pale pale katikati yao, wanamwita Baba Pacha asubuhi na jioni.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu, na aliitembea kama sakafu iliyotoka kudekiwa. Alifunga mlango, akasikiliza, akapangusa uso kwa kiganja.

Alisema huu ni msimu wa uandikishaji, na wakati wa msimu hakuna anayegusa muundo wa jedwali, hiyo ni amri. Alisema jambo lenyewe likitoka nje litafika juu, na huko juu watauliza nani aliandika, nani alijibu barua. Kisha sauti yake ikalainika, maana alikuwa amewahi kuwabeba pacha wale walipokuwa wachanga.

"Ila mtoto wako hatuwezi kumwacha. Fanya hivi. Kwa Doto, badilisha namba ya mama, tarakimu moja tu. Halafu tarehe irudishe thelathini. Kanuni haitaona kitu, kwa sababu mama ni mwingine. Mimi nitaidhinisha kwa neno langu la siri. Mwezi ujao, kelele zikiisha, tunairudisha."

Kubadilisha tarehe ya kuzaliwa kulihitaji neno la siri la mkunga mkuu au la Mkuu. Hilo nalo aliliandika Baba Pacha, kuzuia udanganyifu. Alishukuru, akatoka. Moyoni alijisikia mwepesi, na wepesi wenyewe ulimkera.

Jumatano jioni alimweleza mkewe. Alichagua wakati ambao cherehani ilikuwa inakimbia, ili asilazimike kusema kwa sauti ya kuomba. Alimweleza juu ya tarakimu moja, na thelathini, na mwezi ujao. Mguu wa Mama Pacha ulipunguza mwendo, ukapunguza, ukasimama.

"Yaani siku itakuwa ya kwake, lakini mama si mimi."

"Kwa mwezi mmoja."

"Na mama atakuwa nani?"

"Hakuna mtu. Ni namba tu, mke wangu. Kwenye kompyuta."

"Na Doto naye kwenye kompyuta ni nini?"

 Chumba cha pili watoto walikuwa wanacheza shule. Kulwa alikuwa mwalimu, na Doto, aliyeonekana kukubali hali yake, alikuwa amewekwa nje ya mlango asubiri.

"Nani aliyeandika kwamba wasizaliwe siku moja?" aliuliza Mama Pacha. Aliuliza kwa hasira ya mtu anayemtafuta adui aliye mbali.

Baba Pacha angeweza kusema ofisi. Angeweza kusema mfumo. Siku mbili hizi alikuwa anatembea na jambo lile, akaona amechoka nalo.

"Mimi."

Mkewe aligeuka na kiti chake.

"Sikuwa nimekujua bado," akaongeza haraka. "Nilikuwa sina hata mtoto mmoja."

"Nawe ulijua pacha ni nini. Uliwahi kuona pacha."

"Niliona. Sikukumbuka."

 Mama Pacha aliokota vipande vya nyuzi kwenye gauni lake, kimoja kimoja, akavikusanya kiganjani. Ndipo akamwambia kile alichokimeza tangu Jumatatu. Karani alipouliza kama uchungu ulichukua siku mbili, mwanamume mmoja nyuma yake alisema labda na baba zao ni wawili, na foleni ikacheka. Hata wanawake walicheka. Yeye akawashika watoto mikono, akatoka kichwa kikiwa juu, na mpaka leo shingo ilikuwa inamuuma kwa kile kichwa alichokiinua.

"Watu wamelicheka tumbo langu," alisema, "kumbe aliyewachekesha nampakulia chakula."

Baba Pacha aliona haya, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu atafute pa kuweka mikono.

"Sitaki namba ya mtu mwingine," mkewe akasema. "Ukishindwa kuirekebisha kwa haki, Doto atakaa hapa na mimi huo mwaka. Nitamfundisha kusoma mwenyewe. Lakini atakuwa wangu."

Akaanza kushona tena. 

Alhamisi nzima hakuinuka kwenye kiti. Alichukua nakala ya jedwali, mbali na ile inayotumika, akaanza kuichezea. Kufuta mstari wa zamani kulikuwa kazi ya dakika. Lakini akiufuta tu, marudio ya zamani yangerudi, na mtoto mmoja angeandikwa mara tatu kila mtandao unaposuasua. Alizunguka nalo kuanzia asubuhi, akanywa chai iliyopoa, akachora kwenye karatasi na kuikunja. Saa sita akaona kilichokosekana. Ilikosekana safu ya kumi na mbili.

Aliiandika: nafasi ya kuzaliwa. Ni namba nzima, haiwezi kuachwa tupu, isiyoandikwa kitu ihesabiwe moja. Kisha kanuni mpya: namba ya mama, tarehe, na nafasi, vyote vitatu pamoja, ndivyo visijirudie. Wa kwanza ni wa kwanza, wa pili ni wa pili. Vidole vyake, kwa mazoea, vikaongeza kwamba nafasi isizidi tatu. Aliitazama ile tatu. Akajiuliza yeye ni nani wa kuwawekea akina mama kikomo, akaifuta.

Ile sentensi nyekundu nayo aliiandika upya. *Mama huyu ana mtoto mwingine wa tarehe hii. Je, huyu ni pacha?*

Maelezo yake ya zamani, mama mmoja, siku moja, mtoto mmoja, hakuyafuta. Aliongeza chini yake kwamba aliyeandika hayo alikosea, akaweka jina lake na tarehe ya siku hiyo.

Ijumaa asubuhi, kabla ofisi haijajaa, aliyahamisha mabadiliko kwenye jedwali linalotumika. Ilichukua dakika nne. Halafu akampelekea Mkuu barua ya ukurasa mmoja na nusu: kilichoandikwa miaka tisa iliyopita, barua ya kliniki ilivyojibiwa na nani alishauri, akina mama mia tatu themanini na saba na yule wa siku tatu. Mkuu aliisoma amesimama, miwani ikimteremka puani.

"Nilikwambia wakati wa msimu haiguswi."

"Uliniambia, Mkuu."

"Basi neno langu la siri usiliombe." Aligeuza karatasi, akatazama mwisho. "Umeweka sahihi yako peke yako."

"Ndiyo."

"Sawa," Mkuu akasema. Aliiweka barua ndani ya droo, akaitoa, akaiweka juu ya meza mahali inapoonekana. "Jumatatu tutajua kama bado una kazi. Nenda."

Saa tano na nusu alikuwa kliniki, amemshika Doto mkono. Benchi lilikuwa limejaa vile vile. Mlango wa mkunga ulikuwa nusu wazi, na mguu wake mmoja ukataka kwenda. Akaurudisha. Aliuliza nani wa mwisho, mama mmoja akainua kidole, naye akaketi kando yake.

Foleni ilikwenda kama haina mpango wa kufika. Mtoto mmoja anapimwa, anavalishwa nguo, mama yake anakumbuka swali. Baba Pacha alitazama saa kila baada ya muda mfupi, kisha kila baada ya muda mfupi zaidi. Doto alihesabu vigae vya sakafu, akavimaliza, akaanza upya. Saa saba. Saa saba na nusu. Mama wa kando yake alimuuliza kama anataka atangulie, anaonekana ana haraka. Alitamani kukubali, lakini akasema hapana, asante. Saa nane na dakika kumi akaingia.

Alisalimia. Mkunga aliitikia, akamtambua, akangoja.

"Jumanne uliniuliza nafanya kazi wapi," Baba Pacha alisema. "Sikukujibu vizuri. Ile programu niliiandika mimi. Yale maneno mekundu ni yangu. Na aliyesema mfundishwe upya ni mimi pia. Nimekuja kukuomba radhi, na nimekuja kukuomba neno lako la siri kwa ajili ya mtoto huyu, kwa sababu bila wewe siwezi."

Mkunga alivaa miwani ili amwone vizuri.

"Kumbe wewe ndiye Bwana Tafadhali," akasema. "Hapa ndivyo tunavyokuita. Miaka yote hii. Nilidhani ni mzee."

Mkunga mwingine, aliyekuwa anapanga sindano kwenye kona, alijifunika mdomo na kutoka nje. Baba Pacha aliuacha mzaha ule umwingie mpaka ndani. Aliona ni haki yake. Mkunga mkuu akavuta droo ya chini, akatoa daftari kubwa la jalada gumu, pembe zimechakaa. Ndani kulikuwa na mistari iliyochorwa kwa rula, na kila mstari mtoto wa pili, mmoja baada ya mwingine, na siku yake ya kweli na saa yake. Wote walikuwemo. Yule wa tatu pia alikuwemo.

"Nilisema ipo siku mtu atauliza," alisema. "Sikutaka siku hiyo niseme sikumbuki." Alilamba kidole, akafunua kurasa. "Doto. Thelathini mwezi wa sita, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ulilia sana, wewe."

Doto alitabasamu kwa kupewa habari zake.

Mkunga aliandika thelathini. Akaandika nafasi, mbili. Akaficha kibodi kwa mkono wa kushoto, akaingiza neno lake la siri, akabofya. Wote watatu wakasogeza nyuso. Mashine haikusema kitu. Ilihifadhi tu, ikafungua fomu nyingine tupu.

Baba Pacha alikuwa ameshainuka, anavuta mkono wa mtoto, saa nane na dakika ishirini na tano, akasikia, "Bado."

Kidole cha mkunga kilikuwa mstari wa chini yake.

"Siku ile nilizalisha pacha mara mbili. Huyu naye ni wa thelathini. Mama yake alikataliwa Jumanne kwenye shule hiyo hiyo yenu, alipita hapa analia." Alikuwa ameshaanza kumwandika. "Huyu namrekebisha sasa hivi. Simu ya mama yake hii hapa. Mpigie wewe."

Alipiga akiwa anatembea, Doto anakimbia kando yake. Simu iliita mpaka karibu ikatike. Sauti ya mwanamke iliyochoka ikauliza ni nani, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakutafuta pa kujificha.

"Mimi ndiye niliyeandika ile kanuni iliyomkataa mwanao. Nilikosea, imerekebishwa. Mlete shuleni sasa hivi, dirisha linafungwa saa tisa."

Upande wa pili kitu kikaanguka, kisha simu ikakatika.

Dirishani hapakuwa na foleni. Karani alikuwa anapanga mihuri kwenye sanduku lake. Alibofya namba ya mama bila hamu, akatazama, akatazama tena. Akachapa karatasi, akagonga mhuri, akaipitisha chini ya kioo. Doto aliipokea mwenyewe kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo sikuchelewa," alimwambia karani.

"Hukuchelewa," karani akasema, na alionekana kutaka kuongeza kitu, lakini akatazama saa ukutani. Saa tisa kasoro dakika mbili. Akaushika ubao wa dirisha kuushusha.

Baba Pacha aliingiza mkono wake chini ya ubao, mpaka kwenye kiwiko.

"Kuna mwingine anakuja."

"Baba, toa mkono. Muda umekwisha."

"Haujakwisha."

"Wewe ni nani hata unishikie dirisha la ofisi?"

Akamwambia. Akamwambia yote, mkono ukiwa ndani, ubao ukimkandamiza. Karani alisikiliza na kuendelea kuusukuma, lakini si kwa nguvu ile ya mwanzo. Doto alikuwa ametoka barabarani, karatasi kifuani, anachungulia. Saa ukutani ilifika tisa kamili, na mkono ulikuwa bado humo.

"Baba," Doto akaita, "yupo mama anakimbia na mtoto. Mtoto hana kiatu kimoja."